Dracula, Mumiani na Adui Asiyetajwa

Ndugu, mwanafunzi mmoja wa darasa letu la siasa hapa Kimara aliuliza: sinema za Dracula katika vibanda vya video zina ubaya gani, ikiwa watu hucheka na kwenda zao? Swali hili linastahili uchambuzi wa kitabaka, wala halistahili karipio.

Bram Stoker alitoa riwaya yake mwaka 1897, ubeberu wa Uingereza ukiwa umeshamiri. Dracula ni kabaila mwenye ngome. Anatumia wanasheria kununua nyumba London, kisha ananyonya damu za watu. Anapokoswa kisu, koti lake linachanika na kumwaga noti na dhahabu. Karl Marx alikwisha fananisha mtaji na mnyonya damu mwaka 1867. Lakini Stoker hakuwa mwanamapinduzi: adui wake ni mgeni kutoka mashariki, na waokozi ni wenye nafasi zao.

Sinema zilipunguza hata hicho kidogo. Katika ile ya Bela Lugosi ya 1931, na ile ya Christopher Lee ya 1958, tukio la fedha halimo. Yamebaki joho, meno na jeneza. Blacula ya 1972 ilisogea mbele: mwana wa mfalme wa Kiafrika anamwomba Dracula asaidie kukomesha biashara ya watumwa, naye anageuzwa mnyonya damu. Funzo ni wazi: mnyonyaji haombwi huruma.

Sisi tulikuwa na mumiani. Wakati wa ukoloni ilivuma kwamba watu hukamatwa na kutolewa damu ya kutengenezea dawa. Hata wazimamoto walishukiwa. Uvumi huo ulikuwa uongo, lakini ulibeba uchungu wa kweli wa wanaotawaliwa. Hata hivyo, Buguruni mwaka 1959 umati ulimwua askari polisi kwa sababu yake. Mtu alikufa, ukoloni haukupata hata mkwaruzo.

Hapo ndipo penye ubaya. Hofu isiyojua adui humtafuta katika sura za watu. Vikongwe wetu wangapi wameuawa kwa macho mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni?

Basi makada tusikimbilie kufunga vibanda. Tukae na vijana, sinema ikiisha tuulize: ngome ni ya nani? Mali yake imetoka jasho la nani? Na huyu tunayemnyooshea kidole ametunyonya nini? Atakayezoea maswali hayo hataokota jiwe kumpiga jirani yake.