Uzi Kiganjani

Kidole cha shahada ndicho kinachopata habari kwanza. Uzi umelala juu yake, mlegevu kidogo, na mvuvi ameketi kwenye ukingo wa mto Ruvubu upande wa Ngara, jua likizama nyuma ya vilima vya Burundi. Chini ya maji kambare anapapasa chambo kwa sharubu zake. Uzi unatikisika, unatulia, unatikisika tena. Mgeni angeshtuka akavuta. Mwenyeji anangoja, kwa kuwa kambare huonja kabla ya kumeza, na anayevuta mapema hubaki na ndoana tupu. Kisha uzi unaanza kutembea, polepole, kama kamba ya mbuzi aliyeona majani mapya. Hapo mkono unarudi nyuma mara moja, kwa nguvu ya kifundo tu, na ndoana inashika.

Asiyevua hudhani kazi imekwisha. Kwa watu wa mshipi ndiyo kwanza inaanza. Kati ya ndoana kushika na samaki kulala juu ya nyasi au ndani ya mtumbwi kuna dakika chache, na kwa samaki mkubwa dakika nyingi, ambazo ndani yake uzi mwembamba unapaswa kumleta mnyama anayeweza kuukata akitaka. Umahiri wa dakika hizo hauonekani na aliyesimama kando. Yeye huona mtu anavuta, basi.

Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa wa Kagera, zina maji ya tabia mbili, na kila maji yana somo lake. Ngara ni nchi ya mito: Ruvubu unaotoka Burundi, na Kagera unaopita mpakani mwa Rwanda. Mito hiyo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, ambako leo maji yake yanazungusha mitambo ya megawati 80 ya umeme wa nchi tatu. Kingo zake zimejaa mafunjo. Biharamulo inapakana na Ziwa Burigi, ambalo sasa linahusishwa na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoundwa mwaka 2019, na huko mtu hatupi ndoana anavyotaka. Lakini zamani Biharamulo ilifika hadi Ziwa Victoria. Mwambao wa Chato ulikuwa wake kabla Chato haijawa wilaya na kuingizwa katika mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Ramani imebadilika, ila mkono uliojifunza mshipi huko wakati kukiitwa Biharamulo ni uleule.

Somo la mafunjo ni fupi na kali. Samaki akinaswa kando ya mafunjo, mbio zake za kwanza ni za kurudi humo. Akifika, atazungusha uzi kwenye mashina mara mbili tatu, na baada ya hapo mvuvi atakuwa anavuta mmea. Kwa hiyo hakuna kumpa nafasi. Sekunde za mwanzo mvuvi hukaza hadi pale uzi unapoweza kustahimili, na havuti juu, huvuta kando. Mwanzi wa kuvulia hulazwa karibu na maji, upande ulio mbali na mafunjo, ili kichwa cha samaki kigeuke. Samaki huenda kichwa kinakoelekea. Kichwa kikigeuzwa, mkia wenyewe humsukuma kwenye maji mapana, na nguvu aliyotaka kukimbilia nayo inamleta kwa mvuvi.

Somo hilohilo linafundishwa mbali na Kagera, kwa samaki mwingine kabisa. Mwaka 1929 Waingereza walipandikiza katika Ziwa Naivasha, Kenya, samaki aina ya besi mwenye mdomo mpana, aliyetokea Marekani. Naivasha nayo ina mafunjo, na besi hupenda kujificha kwenye mimea akivizia windo. Wanaomvua kwa fimbo na rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, husema kama asemavyo mtu wa Ruvubu: mtoe kwanza kwenye majani, mengine baadaye. Wavuvi wa Ruvubu na wacheza michezo wa ng'ambo hawajawahi kukaa darasa moja. Samaki ndiye aliyewafundisha wote.

Ziwani, penye maji mapana, somo linageuka. Huko mwenye enzi ni sangara, naye pia ni mgeni. Aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelitawala. Mikono iliyozoea ngege na ningu ilikutana na samaki anayeweza kufika urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Kwa hiyo ufundi wa kumvua kwa mshipi ziwani humo haukurithiwa kutoka karne na karne. Ulitungwa ndani ya umri wa mtu mmoja, na watu waliokata vidole wakijifunza.

Ndiyo maana amri ya kwanza ya mshipi inahusu vidole. Uzi hauzungushwi mkononi, hata samaki awe mdogo namna gani. Sangara akichomoka, uzi uliozungushwa hukaza kama kitanzi, ukakata nyama hadi mfupa au ukamvuta mtu majini. Uzi hupita juu ya vidole na kubanwa na kidole gumba, na wengine huvaa vipande vya tyubu ya baiskeli ili usiwachome. Uzi uliokwisha kuvutwa hulazwa sakafuni mwa mtumbwi kwa mikunjo mipana, mbali na miguu, kwa kuwa samaki akiamua kukimbia tena mikunjo hiyo itarudi majini kwa kasi, na ole wake aliyeikanyaga.

Mwenye rili ana breki ya chuma. Huizungusha kabla ya kuvua, na uzi ukivutwa kupita kiasi breki inaachia yenyewe. Mwenye mshipi hana mtambo huo. Kiganja chake ndicho breki, na hakipangwi kabla. Kinapima nguvu ya samaki, unene wa uzi, uchakavu wa fundo na mwendo wa wimbi kwa pamoja, kisha kinaamua, na baada ya kupumua mara moja kinaamua upya. "Mpe, mwanangu, mpe," mzee humwambia kijana aliyeng'ang'ana. Baadaye kidogo, kwa sauti ileile: "Haya, mrudishe." Kijana hatajifunza kwa kuambiwa. Atajifunza siku uzi utakapokatika na yeye kubaki ameshika kipande chepesi, akijua hasa ni wapi alipochelewa kuachia.

Kumpa si kumwacha. Uzi unatoka, lakini unatoka kwa kusuguana na vidole, na samaki analipia kila pima. Sangara anapochomoka hutumia misuli myeupe, ile ya mbio fupi, ambayo huchoka upesi na kujaa asidi. Akisimama, mvuvi hukusanya uzi papo hapo, kwa sababu samaki aliyeachwa atulie hupata nguvu tena. Mtumbwi nao unasaidia: anayeshika kafi huelekeza omo kwa samaki na kumwacha avute, na mtumbwi unaokokotwa ni mzigo juu ya mzigo. Nailoni yenyewe hunyumbuka na kumeza mishtuko midogo. Kiganja kinashughulikia ile mikubwa.

Samaki wa mtoni wana hila ambayo sangara hana. Kambare ana kiungo cha pili cha kupumulia, juu ya matamvua, kinachochukua hewa ya kawaida, na kamongo mzima hawezi kuishi bila kupanda juu na kuvuta hewa. Akimfikisha kambare juu ya maji, mvuvi wa Ngara huwa hajamshinda. Huenda amemletea pumzi. Humvuta moja kwa moja hadi nchi kavu, na hata hapo humweka mbali na maji, maana atajaribu kurudi kwa kutambaa.

Kuna wakati mmoja ambao mvuvi wa besi na mvuvi wa sangara hushikwa na hofu ileile: samaki anaporuka. Samaki wote wawili hupanda juu ya maji, mdomo wazi, matamvua yametanuka, wakitikisa kichwa kama mbwa aliyelowa. Majini, maji yenyewe huzuia mtikisiko huo. Hewani hakuna kinachouzuia, na ndoana iliyotoboa tundu pana huchomoka na kurushwa. Kinga yake ni kuvuta kwa pembe ya chini ili samaki asipande. Akipanda hata hivyo, mkono humfuata mbele kidogo asiangukie uzi uliokaza, kisha hukaza tena anapogusa maji. Harakati yote haifiki urefu wa pumzi moja.

Halafu inakuja pima ya mwisho, na hapo ndipo samaki wengi hupotea. Uzi umekuwa mfupi, kwa hiyo hauna tena mnyumbuko wa kutosha. Samaki ameuona mtumbwi na anazo mbio moja au mbili alizobakiza. Mvuvi amekwisha kumwona, na macho yana tamaa kuliko vidole. Wenye subira huacha uzi uteleze mara moja zaidi, hata kama samaki yuko umbali wa mkono, wakamngoja alale ubavu.

Kuna sababu nyingine ya kuogopa pima hiyo, nayo imo tumboni mwa samaki. Sangara ana bondo, mfuko wa hewa unaomfanya aelee bila kuzama wala kupanda. Kwenye mialo ya ziwa mabondo hukaushwa na kusafirishwa hadi China, na kilo yake huuzwa ghali kuliko kilo ya minofu. Mvuvi anakutana na faida ya bondo kabla ya mnunuzi. Kwa sababu yake samaki wa kilo 30 majini ni kama hana uzito, na uzi mwembamba humwongoza. Akiinuliwa juu ya maji, kilo zote 30 zinarudi kwa mpigo, na uzi uliomshinda samaki kwa nusu saa unakatika kwa uzito wake aliyetulia. Kwa hiyo mkubwa hainuliwi kwa uzi. Huongozwa kichwa kwanza kwenye wavu wa mkono, au hushikwa kwa kulabu, au huteleza juu ya ukingo wa mtumbwi ulioinamishwa makusudi.

Mkono nao una adabu zake. Besi hushikwa taya la chini kwa kidole gumba, kwa kuwa meno yake ni kama msasa tu. Sangara ana miiba kwenye kifuniko cha matamvua na mgongoni. Kambare ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, na huufunga wima anaposhikwa. Kamongo ana meno ya kuponda, na hakuna anayetia kidole mdomoni mwake mara mbili. Sangara wa chini ya sentimita 50 kanuni za uvuvi za Tanzania zinamkataza, na anayekusudia kumrudisha hana budi kumleta upesi, kwa kuwa samaki aliyepiganishwa mno huogelea akienda kufa.

Vitabu vya rekodi huhesabu kilo. Tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, Marekani, kijana wa shambani George Perry alivua besi wa kilo 10.09, na kwao walimpika wakamla. Mwaka 2009 Manabu Kurita alimfikia katika Ziwa Biwa, Japani, kwa kilo 10.12, na rekodi ikahesabiwa ya wote wawili kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo mno. Sangara mwenye rekodi, wa kilo 104, alitoka Ziwa Nasser nchini Misri mwaka 2000. Kisiwani Rubondo, ng'ambo ya mwambao wa Chato, hifadhi ya taifa tangu 1977, wageni hulipia kumvua sangara kwa fimbo. Samaki wengi wa mshipi wa Kagera hawajawahi kupimwa mbele ya shahidi. Wamegawanywa vipande, vichwa vikaenda kwa majirani.

Giza limeingia Ruvubu. Kambare yuko kwenye nyasi, juu kabisa, mbali na maji. Mvuvi amekaa na uzi wake, anaupitisha kati ya kucha mbili, taratibu, akitafuta mikwaruzo ambayo jicho haliwezi kuiona gizani. Karibu na ndoana anaikuta. Anakata pima nzima na kuitupa, anafunga fundo jipya, analilowesha kwa mate ili lisiungue likikazwa, analikaza. Anachagua nyungunyungu mnene, anamvalisha ndoana, na uzi unarudi juu ya kidole.