Heko kwa Mafundi wa Mikanda ya Saa

Saa husifiwa, mkanda husahauliwa. Basi leo heko ziende Besançon, Ufaransa, walikohamia mafundi saa wa Uswisi mwaka 1793, na ambako mikanda ya ngozi bado inatengenezwa kwa mkono. Uzi mmoja, sindano mbili, kila tundu likipitiwa kutoka pande zote. Upande mmoja ukikatika, wa pili unashika. Mshono wa cherehani ungeanza kufumuka.

Lakini fundi hasa hupimwa kwenye kingo. Ngozi ikishagandishwa na bitana, ukingo hupigwa msasa, hupakwa rangi, huachwa ukauke, hupitishiwa chuma cha moto. Kisha msasa tena, rangi tena, mpaka kidole kisihisi ngozi na bitana ziliposhikana. Inachosha hata kuitazama! Ukinunua mkanda, kagua ubavuni kwanza, ndipo uulize bei.