Hašek: Kipa Aliyelala Chini kwa Makusudi

Tazama mkono wake wa kulia. Shuti la kwanza limepanguliwa, kisahani cha mpira kinazunguka juu ya barafu hatua moja kutoka langoni, na washambuliaji wawili wanakikimbilia. Kipa yuko chini. Kipa mwingine yeyote wa wakati ule angekipapasa kwa gongo lake, maana tangu utotoni amefundishwa kwamba gongo halimtoki kipa mkononi. Dominik Hašek analiachia lidondoke. Mkono uliokuwa umelishika unashuka juu ya kisahani, unakifunika, filimbi inalia.

Kwa miaka mingi watu wa hoki ya barafuni walimtazama Mcheki huyu kama mtu wa bahati na viungo laini. Alijigaragaza, alilala chali, alirusha miguu hewani, na mwisho wa yote kisahani hakikuingia. Nimerudia mikanda ya mechi zake mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila ninaporudia nazidi kuamini kwamba mle ndani hamkuwa na vurugu. Kulikuwa na mpangilio, na mpangilio huo unaweza kuelezwa.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Lango la soka lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. La hoki ya barafuni lina mita 1.83 kwa mita 1.22, yaani eneo lake ni kama moja ya nane ya lile la soka. Kipa akishavaa pedi za miguuni, glovu ya kudakia na ile pana ya kukingia, anakaribia kulijaza. Shida yake ni muda. Kisahani cha mpira mgumu, chenye uzito wa gramu 170 hivi, kikipigwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa kutoka mita 10, kinafika kabla ya robo sekunde kuisha. Kipa wa soka anayekabili penati ana muda karibu mara mbili ya huo, na bado tunamwona akiruka upande usio wake. Kwa hiyo kipa wa hoki hawezi kusubiri aone ndipo aamue. Lazima awe ameziba nafasi kabla shuti halijatoka.

Kulikuwa na njia mbili za kuziba. Wakongwe walisimama wima, wakasogea mbele kumfuata mpigaji ili lango lionekane dogo machoni pake. Kisha ukaja mtindo wa kipepeo, ulioanzishwa na Glenn Hall miaka ya 1950 na kukamilishwa na Patrick Roy pale Montréal miaka ya 1980: kipa anapiga magoti yakiwa karibu karibu, miundi inatanuka nje kama mabawa, na sehemu ya chini ya lango inafungwa. Ni mtindo mzuri, na ndio uliotawala baadaye. Lakini umejengwa juu ya shuti la kwanza. Kisahani kikigonga pedi na kurukia pembeni, kipa amekwama juu ya magoti yake, na kuinuka kunahitaji muda ambao hana.

Hašek alianzia pale ambapo wengine waliishia. Swali lake lilikuwa: baada ya shuti la kwanza, mwili wangu utakuwa wapi?

Jibu lake la kwanza lilikuwa kufunga chini kwanza, kwa urefu wa mwili mzima. Mpigaji aliye mita mbili kutoka langoni anaweza kukisukuma kisahani kikateleza kwa wepesi kabisa. Kukiinua ni habari nyingine. Inabidi akivute kidogo nyuma, apate nafasi ya kuzungusha gongo, na apate utulivu wa kichwa katikati ya mabeki wanaomsukuma. Hašek alipojilaza na kuzipanga pedi zake juu ya barafu, alikuwa anamwambia mshambuliaji: hapa chini hakuna kitu, fanya lile gumu. Na wakati yule anajiandaa kufanya lile gumu, mkono au mguu mmoja wa Hašek ulikuwa tayari umeanza kupanda. Hii ndiyo siri ya ile miguu hewani. Waliodhani anatapatapa walikuwa wanaona nusu ya pili ya uamuzi uliofanyika zamani.

Jibu la pili lilikuwa kutokukubali kwamba kiungo kina kazi moja. Glovu ya kukingia ilikinga, na gongo likidondoka ilifunika. Pedi zilizuia zikiwa zimesimama, na zilizuia vilevile mwenyewe akiwa chali, nyayo zikitazama dari. Hata kujiviringisha kulikuwa na hesabu yake. Kipa aliyelala kifudifudi huku kisahani kimekwenda upande wa pili anapoteza muda akijaribu kusimama. Hašek alijiviringisha kupitia mgongoni, akautupa mguu wa mbali ukatue kwenye nguzo ya pili, na hakuhitaji kusimama kabisa. Nyonga zake zilimruhusu kufungua magoti nje hadi mapaja yakagusa barafu, jambo ambalo watu wengi hawaliwezi hata kwa mazoezi ya miaka.

La tatu halionekani kirahisi kwenye picha: subira. Katika kipande kile cha sekunde cha ana kwa ana, makipa wengi hutangulia kwenda chini, na mshambuliaji mwenye akili huishi kwa kungojea hilo tu. Hašek alikuwa mgumu wa kutangulia. Alimwacha mpigaji ajieleze kwanza, macho yake yakiwa kwenye kisahani, si kwenye mabega yanayodanganya.

Amerika Kaskazini ilichelewa kumwelewa. Alizaliwa Pardubice mwaka 1965, akaanza kukaa langoni katika timu ya wakubwa ya mji huo akiwa na miaka 16, akaipa ubingwa wa Chekoslovakia mwaka 1987 na 1989. Chicago, timu ya ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini, walimchagua mwaka 1983, akiwa wa 199 katika orodha ya wachezaji wapya, lakini hakuvuka bahari hadi 1990. Alipofika alimkuta Ed Belfour langoni, akapelekwa kwa muda timu ndogo ya Indianapolis, na mwaka 1992 akapelekwa Buffalo kwa mabadilishano ambayo leo yanashangaza. Hata Buffalo alikaa nyuma ya Grant Fuhr. Ni jeraha la Fuhr msimu wa 1993–94 lililomfungulia mlango, naye alikuwa anakaribia miaka 29. Alimaliza msimu huo akiruhusu wastani wa magoli 1.95 kwa mechi. Hakuna kipa wa ligi ya NHL aliyekuwa ameshuka chini ya mawili kwa miaka 20.

Tarehe 27 Aprili 1994 Buffalo walicheza na New Jersey mechi ya sita ya mchujo. Dakika 60 ziliisha bila bao, zikaja nyongeza tatu za dakika 20 kila moja bila bao, na bao pekee la Buffalo likapatikana katika nyongeza ya nne, baada ya dakika 125. Hašek aliokoa mashuti 70. Ninaitaja mechi hii kwa sababu inajibu hoja ya bahati vizuri kuliko maelezo yangu. Mtu anayetapatapa huchoka, na akichoka hukosea. Mtindo unaofanya kazi shuti la 70 kama ulivyofanya shuti la kwanza una utaratibu ndani yake.

Takwimu za misimu iliyofuata zinasema hivyo hivyo. Aliongoza ligi kwa asilimia ya kuokoa misimu sita mfululizo. Msimu wa 1998–99 aliokoa asilimia 93.7 ya mashuti yote, wakati wastani wa makipa wa ligi ulikuwa kama asilimia 91. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uipige hesabu: kwa mashuti 30 kwa mechi ni karibu goli moja zima linalozuiwa, mechi baada ya mechi. Alichukua Tuzo ya Vezina ya kipa bora mara sita, na Tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi mara mbili, 1997 na 1998. Hakuna kipa mwingine aliyeipata Hart mara mbili.

Sasa Nagano, Februari 1998, Olimpiki ya kwanza iliyowaruhusu wachezaji wa NHL kushiriki wote. Nusu fainali, Kanada na Jamhuri ya Cheki, 1–1, wakaingia kwenye kupigiana matuta. Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi hulipita. Tuta la hoki halina marudio: mpigaji anatoka katikati ya uwanja na kisahani chake, na likiokolewa limekwisha. Silaha kubwa ya Hašek, shuti la pili, ilikuwa imenyang'anywa. Kilichobaki ni subira na kufunga chini.

Robert Reichel alimfunga Roy, kipa wa Kanada, kwenye tuta la kwanza la Wacheki, na kuanzia hapo Wakanada walikuwa wanakimbiza. Theoren Fleury alikuwa ameshazuiwa. Akaja Ray Bourque, beki, akakosa. Kumchagua Bourque kulikuwa na mantiki, kwani alijulikana kwa shabaha kuliko wengi. Lakini shabaha ni ya kulenga kitu kilichotulia, na aliyekuwa mbele yake hakutulia. Wayne Gretzky alibaki benchi, na uamuzi huo unajadiliwa Kanada mpaka leo. Joe Nieuwendyk akakosa. Eric Lindros akamvuta Hašek upande mmoja, akakirudisha kisahani upande wa pili, kikagonga nguzo.

Nguzo, watu husema, ni bahati. Mimi sikubali. Lindros alibakiwa na upenyo mwembamba kwa sababu Hašek hakuwa amemalizika alipolala; alikuwa bado ananyooka kuelekea kule kisahani kilikokwenda, na aliyebaki na upenyo mwembamba hulazimika kulenga karibu na chuma. Brendan Shanahan, wa mwisho, alikwenda hadi karibu kabisa na lango akitafuta pa kupiga, na hakupata. Matano kati ya matano. Siku mbili baadaye Wacheki waliifunga Urusi 1–0 na kuchukua dhahabu. Katika mechi sita za mashindano yale Hašek alifungwa magoli sita.

Mwili ulidai malipo yake. Misuli ya kinena, ile inayovutwa kila nyonga inapofunguliwa nje, ilimsumbua kwa miaka. Msimu wa 1999–2000 ulimpokonya karibu nusu ya mechi. Turin, mwaka 2006, aliumia dakika chache tu baada ya mechi yake ya kwanza ya Olimpiki hiyo kuanza, na hakurudi tena langoni msimu ule. Ndiyo maana siwalaumu makocha wa leo wasiofundisha mtindo wake kwa watoto. Wanafundisha kipepeo, kinachofundishika kwa hatua na kisichohitaji nyonga za namna ile.

Alichukua Kombe la Stanley na Detroit mwaka 2002, na tena 2008. Kisha akarudi nyumbani. Masika ya 2010, akiwa na miaka 45, alikaa langoni Pardubice wakati timu hiyo ikitwaa ubingwa wa Cheki, magoti yakifunguka nje vilevile.