Faida, Mtaji na Bonasi: Istilahi Tatu Zinazomponza Msomaji

Miongoni mwa tafsiri zinazoandaliwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili waishio Uingereza, imetufikia moja ielezayo jinsi malipo ya benki yanavyoathiri msaada wa serikali kwa watu wa kipato kidogo. Sarufi yake haina dosari. Hata hivyo, istilahi zake tatu zaweza kumtia msomaji hasarani, na hazina budi kuchambuliwa.

Ya kwanza ni faida, iliyotumiwa kwa maana ya msaada huo. Kwetu faida ni ziada aipatayo mfanyabiashara au mweka akiba. Mfasiri akilazimika kueleza kwamba faida ya akiba huweza kupunguza faida ya serikali, msomaji atajua ipi ni ipi? Wengine hupendelea mafao. Neno hilo ni zuri, lakini nchini Tanzania limezoeleka kwa haki ya mwanachama aliyeuchangia mfuko. Malipo ya Universal Credit, yaliyoanza mwaka 2013, hayategemei michango bali hali ya mwombaji. Kwa kuwa TASAF imekwisha kulizoesha neno ruzuku kwa kaya maskini, tunapendekeza ruzuku kwa kipimo cha uwezo.

Ya pili ni mtaji. Mtu asiye na duka wala biashara akiulizwa kuhusu mtaji wake, atajibu kwa moyo safi kwamba hana, ilhali kanuni zinauliza juu ya fedha zake zote zilizoko benki. Akiba isiyozidi pauni 6,000 haihesabiwi. Kati ya kiasi hicho na pauni 16,000, kila pauni 250, au sehemu yake, huchukuliwa kuwa inamletea mwenyewe pauni 4.35 kwa mwezi, na ruzuku hupunguzwa kwa kiasi hicho. Zaidi ya pauni 16,000, ruzuku hukoma. Tunapendekeza akiba na mali, na kile kinachodhaniwa kuletwa na akiba hiyo kiitwe pato la kukadiriwa.

Ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni bonasi. Neno limekwisha kuwa letu, lakini hapa limebebeshwa mizigo mitatu. Bonasi ya mwajiriwa ni mshahara: baada ya kiwango cha msamaha kwa wanaostahili, kila pauni ya mshahara halisi hupunguza ruzuku kwa peni 55. Nyongeza ya akaunti ya Help to Save, iliyoanzishwa mwaka 2018 na iwezayo kufikia pauni 1,200 kwa miaka minne, haihesabiwi kuwa mapato ya kuipunguza ruzuku. Malipo ambayo benki humpa mteja mara moja kwa kuihamishia akaunti yake kwao si mshahara. Yakibaki, huwa sehemu ya akiba. Mwenye pauni 5,900 akilipwa 200 atakatwa pauni 4.35 kila mwezi muda wote akiba yake ikiwa imevuka kikomo. Mwenye pauni 15,900 akilipwa kiasi hicho hicho atapoteza ruzuku yote. Neno moja halitoshi kwa matokeo yaliyo mbali hivyo.

Twapendekeza bonasi ibaki kwa mwajiriwa. Ya pili iitwe nyongeza ya akiba. Ya tatu, malipo ya kuhamisha akaunti. Tumeikwepa zawadi kwa makusudi, kwani mtu hadhani kwamba zawadi yapasa kutolewa taarifa serikalini.

Yaweza kusemwa kwamba istilahi hizi ni ndefu. Ni kweli. Lakini ufupi ni sifa ya istilahi pale tu maana inaposalimika. Msomaji wa hati hii hasomi kwa kujiburudisha. Anaamua atangaze nini na anyamaze juu ya nini, na kosa la mfasiri hulipwa kutoka katika kodi ya nyumba yake.