Gumba Lililohama

Plasta ya tatu iliharibika kabla bandeji haijaloweshwa. Tuliokaa kwenye benchi la kliniki pale Chemchem tuliona wote: mtoto wa wiki sita mwenye mguu kifundo, yaani wayo uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, ananyonya, mguu umelegea, hali ambayo kila mfungaji plasta huiombea. Mkono mmoja wa mfungaji ukasukuma wayo kwenda nje, sawasawa. Ghafla gumba la mkono wa pili, lililokuwa limekaa juu ya kichwa cha talasi (mfupa wa kifundo ulio juu ya kisigino) kwenye plasta mbili za mwanzo, likateleza mbele hadi katikati ya ukingo wa nje, na kiganja kikabana kisigino.

Kwa nini hilo ni kosa? Mguu kifundo hunyooka kwa kisigino kuzunguka chini ya talasi. Ukikibana hakizunguki, na nguvu yote inaangukia katikati ya wayo. Wayo utaonekana umenyooka huku kisigino kimebaki ndani. Daktari Ignacio Ponseti aliliita kosa la Kite, kwa jina la daktari aliyekuwa akibana hapo. Ponseti alianza kuisuka njia yake ya plasta kule Iowa miaka ya 1940, wenzake wakaendelea kukimbilia kisu kwa miongo mizima, na bado wapo wanaokikimbilia.

Msiniambie gumba kuteleza sentimita mbili si kitu. Nyuzi za kolajeni kwenye kano za mtoto zimejikunja kama mawimbi. Zikivutwa taratibu hunyooka. Hogo, yaani plasta ikishakauka, likizishikilia siku tano hadi saba, seli huusikia mvuto ule na kuzisuka upya, mikunjo inarudi, ndipo zinapokubali kuvutwa tena. Gegedu nalo hukua kwa kufuata panapobanwa na panapoachiwa. Ukielekeza nguvu pabaya, seli zitakutii vilevile, wiki nzima, usiku na mchana.

Hogo lenyewe lilifungwa vizuri, hadi pajani, goti digrii 90. Angalau hapo kelele zangu dhidi ya hogo la chini ya goti, linalochomoka kama soksi, zimesikika.

Kule Uganda, Michiel Steenbeek alitengeneza viatu vya kuuzuia mguu ulionyooshwa usirudi kupinda, kwa ngozi, mbao na ufito wa chuma, vitu vya karakana yoyote ya mtaani. Alijua kila nguvu inakoelekea. Sisi tuna gumba tu la kuangalia.

Mama wa mtoto yule alitoka Sikonge kwa basi la alfajiri, na atarudi wiki ijayo. Plasta ikifunguliwa, kichwa cha talasi kitafutwe upya kwa ncha ya kidole, mbele ya kifundo cha nje. Gumba likae hapo. Kisigino kisiguswe.