Pa Kukaza na pa Kuachia

Ekzosi mpya ya dukani mara nyingi hukaa karibu na sawa. Inafika kwenye mipira ya kuning'inizia na mdomo wake unatokeza nyuma palepale ulipokuwa wa zamani, hata kwa mbali mtu akaona kazi imekwisha. Ukipiga magoti na kuishika ndipo unapohisi bomba linacheza ndani ya bomba lenzake. Pengo la milimita 2 tu linatosha kuligeuza gari la kistaarabu likanguruma kama trekta. Kuna watu wanaoishi kwa kuliondoa pengo hilo. Nimewatazama sana wakifanya kazi, na naona hawajasifiwa vya kutosha.

Magari mengi yanayotembea Dar es Salaam na Nairobi yalikuja kutoka Japani yakiwa yameshatumika. Bomba lililokuja na gari lilipimwa kwa gari lile, pengine kwa toleo la miaka michache tu. Likioza, mwenye gari huenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, na huko hununua spea iliyotengenezwa ili ivae magari ya aina nyingi. Tofauti inaanzia kwenye namba. Bomba la inchi 2 lina upana wa nje wa milimita 50.8. Bomba la kipimo cha Kijapani linaloitwa la inchi moja na nusu lina milimita 48.6. Chukua shingo iliyotanuliwa kwa ajili ya lile la kwanza, uivike juu ya hili la pili: itaingia bila hata kusukumwa. Muuzaji anaposema inaingia, anasema kweli.

Wengi hudhani hasara ya pengo hilo ni kelele. Kelele ndiyo ndogo. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na bomba linalovuja chini ya sakafu linaweza kuipenyeza ndani ya gari ambamo watoto wamelala kiti cha nyuma. Halafu kuna hasara inayojificha zaidi. Moshi hautoki kwenye injini kwa mkondo mmoja. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba huweza kuvuta hewa ya nje kupitia ufa. Ufa ukiwa mbele ya sensa ya oksijeni, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inaamini injini inakosa mafuta, na inaongeza petroli. Mwenye gari anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, ananunua pampu, na siku zote hizo ugonjwa uko kwenye kiungo ambacho mkono wa fundi ungekitambua mara moja.

Nasema mkono kwa sababu fundi mzuri wa ekzosi haanzi na spana. Injini ikiwa bado ya baridi, anapitisha kiganja bomba zima kuanzia mbele, kisha anaangalia masizi. Kiungo kinachovuja hujiandika chenyewe: michirizi myeusi, mikavu, iliyotawanyika kutoka kwenye ufa. Baada ya hapo anawasha gari.

"Dogo, ziba nyuma kwa tambara. Usibane sana, isije ikazima."

Kijana anaziba, mngurumo unashuka, na penye ufa panaanza kufoka. Fundi amelala chali, sikio lake liko mbali na joto lakini linafuata sauti. Mwenye gari, mtu mzima, ameinama pembeni na ana jibu lake tayari.

"Fundi, si utie klampu kubwa tu uikaze?"

"Mzee wangu, klampu itabonyeza bomba la nje, liwe yai. La ndani litabaki na nafasi yake."

Anachofanya badala yake ningependa kionwe na kila anayedhani ufundi ni nguvu za mikono. Kwa msumeno wa chuma anakata mikato minne kwenye mdomo wa bomba la nje, kila mmoja wa sentimita 3 hivi, na hairuhusu ifike ndani kupita mwisho wa bomba litakaloingia, maana hapo angekuwa amefungua mlango mpya wa moshi. Anapiga tupa kingo. Kisha anakata utepe wa chuma chembamba wa kulivika bomba la ndani. Hachukui kipande cha bati la kuezekea, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake ikipata moto wa kuchomelea hutoa moshi unaompa mtu homa. Anachagua chuma kitupu cha unene wa milimita 1. Pengo lote ni la milimita 2.2 na linagawanyika pande mbili, hivyo milimita 1 kila upande inajaza karibu yote na kuacha nafasi kidogo ya kupenyeza. Ncha mbili za utepe lazima zikutane bila kupandana. Zikipandana zinaleta nundu, na pembeni mwa nundu moshi utapata njia. Anauzungusha hadi mshono wake uangukie katikati ya mikato miwili, anasukuma bomba ndani, anavika klampu pana ya mkanda, anakaza. Mikato inajifunga, mdomo unalishika bomba mzunguko mzima.

Akiona kiungo hakitahitaji kufunguliwa tena, anakichomelea. Hapo kwanza anaondoa waya wa betri, umeme wa mashine usije ukaharibu kompyuta ya gari. Ukuta wa bomba ni mwembamba, kwa hiyo anagusisha nukta nne zinazotazamana, anasubiri, anamalizia kwa vipande vifupi. Anayekimbiza kijiti kwa mkupuo mmoja hutoboa bomba, kisha hutumia saa nzima kuziba matundu aliyoyatengeneza.

Lakini kukaza ni nusu ya kazi, na kwangu ndiyo nusu rahisi. Bomba la chuma la urefu wa mita 3, joto lake likipanda kwa nyuzi 250, linarefuka kwa karibu milimita 9. Injini nayo haitulii. Ukikanyaga mafuta inajinyonga juu ya maunti zake na kuvuta kila kilichofungwa kwayo. Ndiyo maana magari mengi yana kiungo cha mbele chenye gasketi ya mviringo na bolti mbili za springi, na ndiyo maana bomba linaning'inia kwenye mipira. Mahali hapo panatakiwa pacheze. Nimeona magari ambayo springi zimechomelewa na mipira imebadilishwa kwa waya uliosokotwa kwa koleo, kazi imara kabisa ya kuangalia. Bomba la namna hiyo halina pa kukimbilia likipata joto, na hupasuka karibu na injini, mahali ambapo kutengeneza ni ghali kuliko popote. Aliyefanya hivyo alichukia ulegevu wote kwa pamoja. Mjuzi anatenganisha ulegevu ambao ni ugonjwa na ulegevu ambao ni uzima wa chombo.

Kwa hiyo anaining'iniza ekzosi nzima kwanza bila kukaza chochote. Anaizungusha, anaingiza vidole viwili kati yake na sakafu, anahakikisha iko mbali na tangi la mafuta na mabomba ya breki, anatazama kama mipira yote inavutwa sawasawa. Kisha ndipo anakaza, akianzia mbele kurudi nyuma. Hata tundu dogo chini ya sailensa analiacha, ingawa mwenye gari anaomba lizibwe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa karibu lita moja ya maji, kama mvuke. Katika safari fupi za mjini sailensa haipati joto la kutosha kuyakausha, yanalala ndani na kuila kutoka tumboni, huku upepo wa chumvi wa pwani ukiila kwa nje. Tundu lile ndilo mlango wa maji hayo kutokea.

Kinachoniudhi ni namna tunavyolipa kazi hii. Tunahesabu klampu, utepe na vijiti vya kuchomelea, tunaona vitu vya bei ndogo, tunaanza kuvutana. Kiganja kilichogundua ufa na sikio lililotofautisha mfoko wa mbele na wa kati hatuviweki kwenye hesabu, ilhali ndivyo vilivyotuokoa kununua pampu tusiyoihitaji. Natamani bei ya kugundua ugonjwa itajwe peke yake, mbele ya bei ya vifaa, na ilipwe bila kunung'unika.

Gari likiondoka bado kuna sharti. Klampu mpya ikipata joto na kupoa mara kadhaa hujikalia na kulegea kidogo, kwa hiyo fundi anamwambia mteja arudi baada ya siku chache. Wengi hawarudi, kwa kuwa kelele imekwisha. Anayerudi anasubiri kidogo tu injini ipoe. Fundi anaingia chini na spana namba 14, anaongeza robo mzunguko kwenye klampu, anatikisa bomba kwenye mipira yake kuona kama bado linacheza inavyotakiwa, anatoka. Kwa hilo hatozi.