Jiwe la Chokaa, Jiwe la Saruji

Nyumba ya mawe ikibomolewa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, mwenye nyumba hubaki na lundo uani: matumbawe, boriti, mbao, mabati. Uchungu wa mali humzuia asitupe kitu. Kwa maoni yangu, kabla ya kuuliza kama kitu bado kizima, tuulize kilifungwaje na kitafunguka vipi.

Mawe ndiyo ushahidi mkubwa. Mafundi wa karne ya 19, mji huu ulipokuwa kituo cha mwisho cha misafara ya kutoka Ujiji na Tabora, walijenga kwa matumbawe na chokaa iliyotokana na kuchoma matumbawe hayohayo. Chokaa ni laini kuliko jiwe. Ukuta ukianguka, igonge kidogo kwa nyundo: inapukutika, jiwe linabaki zima, tayari kwa ukuta mwingine. Saruji hung'ang'ania; ukigonga, jiwe ndilo linalopasuka. Tena lipu ya saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa matumbawe na kuudhoofisha polepole. Kwa hiyo mawe yaliyotoka kwenye ukuta wa viraka vya saruji ni kifusi. Yamwage kwenye msingi, usiyapange miaka ukingoja siku ya kuyajengea.

Boriti za mikoko zina hesabu yake. Urefu wake, karibu mita 3, ndio uliopanga upana wa vyumba vya pwani. Ncha zilizozikwa ukutani huoza kwanza, maana unyevu hukaa humo. Ukishazikata, boriti haivuki tena chumba kilekile. Inafaa ukumbi mwembamba, choo au banda. Kama huna mahali pa upana huo, mpe jirani anayejenga.

Mlango wa nakshi ni habari nyingine. Ubao wake huzunguka juu ya vigingi vilivyotumbukizwa kwenye matundu ya kizingiti, bila bawaba, hivyo hutoka mzima. Wepesi huo ndio unaowavuta wanunuzi. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na miimo ya nakshi iliyochongwa Tanganyika kabla ya 1940, na haitoki nchini bila kibali. Mlango huo usiuhesabu kama takataka, wala usiuuze kwa haraka ya kusafisha ua.

Lamu wametuonyesha kwamba hata plastiki ina kanuni hiyo ya namna kitu kinavyofungwa. Fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa, wakalipamba kwa ndala kuukuu. Mwaka 2019 lilisafiri hadi Zanzibar. Plastiki za aina tofauti hazishikani vizuri zikiyeyushwa pamoja, kwa hiyo kazi huanza kwenye kuchambua. Gunia la mchanganyiko halitoi mbao imara, hata likikaa stoo miaka kumi.

Ndani ya nyumba pia ni hivyohivyo. Kitanda cha mninga kilichoungwa kwa ndimi kinafunguka na kutengenezwa upya. Kabati la pumba za mbao zilizogandishwa kwa gundi, likishalowa, halirudi tena; liondoe leo.

Nawaomba wenye nyumba wa Bagamoyo: mwiteni fundi kabla ya kubomoa, si baada yake, na mtenge mapema mawe ya chokaa na ya saruji. Yakishachanganyika kwenye lundo moja, hakuna atakayelipwa kuyachambua.